Mnara Ukizimika: Kupashana Habari na Kugawana Mafaili kwa Mtandao wa Meshi Wakati wa Dharura

Mwongozo kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano wa Mbeya na Iringa

Mnamo Aprili 2024, sehemu ya Mlima Kawetere iliporomoka na kushusha matope katika Kata ya Itezi, jijini Mbeya. Nyumba za watu zilifukiwa, pamoja na majengo ya shule. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na huduma ya intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi nyingine kadhaa za Afrika Mashariki.

Matukio haya mawili hayakuhusiana. Hata hivyo, kila mkazi wa Nyanda za Juu Kusini anapaswa kujiuliza: Je, ingekuwaje kama yangetokea siku moja? Mlima umeporomoka, umeme umekatika, intaneti haipo, na mtendaji wa mtaa anahitaji kufikisha orodha ya kaya zilizokumbwa kwa waokoaji walio upande wa pili wa korongo. Orodha anayo ndani ya simu yake. Ataifikishaje?

Makala haya yanaeleza njia mojawapo, yaani kugawana mafaili kwa mtandao wa meshi. Yanaeleza pia mipaka ya njia hiyo, maandalizi yake, na haki zako unaponunua vifaa vyake.

Kwa nini mawasiliano hukatika

Simu ya mkononi haizungumzi na simu nyingine moja kwa moja. Huzungumza na mnara; mnara nao huunganishwa na mitambo mikuu ya kampuni kwa mkongo wa nyuzi za kioo au kwa mawimbi ya redio yanayorushwa kutoka mnara hadi mnara. Ujumbe wa picha ambao mtu wa Mwanjelwa anamtumia jirani yake wa Kabwe kwa programu za kawaida za ujumbe hupita katika seva zilizo mbali, mara nyingi nje ya nchi, kisha hurudi Mbeya. Ndiyo maana hitilafu iliyotokea chini ya bahari inaweza kumzuia mtu kumtumia picha jirani anayemwona kwa macho.

Mnyororo huo mrefu unaweza kukatika mahali popote. Umeme ukikosekana kwa muda mrefu, betri na jenereta ya mnara huishiwa nguvu. Barabara na madaraja yakisombwa na maji, nyaya zilizozikwa kandokando yake huharibika pia. Na hata pale ambapo hakuna kilichoharibika, maelfu ya watu wakipiga simu kwa wakati mmoja kuulizia ndugu zao, njia hujaa na simu hazipiti.

Mtandao wa meshi ni nini

Katika mtandao wa kawaida vifaa vyote hutegemea kitovu kimoja. Katika mtandao wa meshi hakuna kitovu. Kila kifaa, ambacho huitwa nodi, hupokea ujumbe na pia huupokeza kwa kifaa kinachofuata, mpaka umfikie mlengwa. Mfano wake ni wavu wa mvuvi wa Ziwa Nyasa: uzi mmoja ukikatika, nyuzi nyingine hubaki zimeshikana. Nodi moja ikizimika, ujumbe hutafuta njia nyingine.

Nodi inaweza kuwa simujanja yenye programu maalumu, ruta ya Wi-Fi iliyowekwa programu ya meshi, au redio ndogo ya masafa marefu inayotumia teknolojia ya LoRa. Mtandao huu hauhitaji bando wala mnara ili ufanye kazi ndani ya eneo lake. Intaneti ikiwapo, nodi moja tu ikiunganishwa nayo huweza kuzifaidi nodi nyingine zote. Isipokuwapo, walio ndani ya mtandao huendelea kuwasiliana wao kwa wao.

Wasomaji wengi wamekwisha kuonja wazo hili pasipo kulijua. Kila aliyewahi kumrushia mwenzake wimbo au picha kwa Xender au kwa Bluetooth bila kutumia bando amehamisha faili kutoka kifaa hadi kifaa. Meshi huongeza jambo moja: faili hilo linaweza kupita mkononi mwa mtu wa tatu, wa nne na wa tano, na kumfikia asiyekuwa karibu nawe.

Jinsi faili linavyosafiri

Simu ya sauti huhitaji njia iwe wazi muda wote wa mazungumzo. Faili halihitaji hivyo, na ndiyo sababu hufaa zaidi mtandao unapokatikakatika. Mambo matatu huliwezesha kusafiri.

La kwanza, faili hugawanywa katika vipande vidogo. Mawasiliano yakikatika katikati ya safari, vipande vilivyokwisha kufika havirudiwi. Vilivyosalia tu ndivyo hutumwa njia ikirejea.

La pili, faili hupewa alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake. Herufi moja ikibadilika, alama nayo hubadilika. Kifaa kinachopokea hukokotoa alama upya na kulinganisha. Zikilingana, faili limefika zima.

La tatu, faili huweza kuhifadhiwa na kubebwa. Wakazi wa Iringa na Mbeya wanaifahamu desturi ya kukabidhi bahasha kwa dereva au kondakta wa basi ili aifikishe kwa ndugu anayesubiri kituoni. Meshi yenye uwezo wa kuhifadhi hufanya vivyo hivyo. Simu ya mwendesha bodaboda hupokea faili upande huu wa korongo, hukaa nalo njiani pasipokuwa na mtandao wowote, na hulikabidhi yenyewe inapoikaribia nodi ya upande wa pili. Utaratibu wa namna hii uliwahi kutumika vijijini India, ambako mabasi yenye vifaa vya Wi-Fi yalibeba ujumbe katika mradi wa DakNet, na Kambodia, ambako pikipiki zilifanya kazi hiyo.

Yaliyokwisha kufanyika kwingine

Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010, Dk. Paul Gardner-Stephen wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, alianzisha Mradi wa Serval ili simu za kawaida ziweze kuwasiliana pasipo minara. Sehemu yake moja, iitwayo Rhizome, ilibuniwa mahususi kwa ajili ya kusambaza mafaili kwa kuyahifadhi na kuyapokeza.

Oktoba 2012, Kimbunga Sandy kilipoipiga New York, mtandao mdogo wa meshi uliokuwa umesimikwa katika kitongoji cha Red Hook, Brooklyn, uliendelea kufanya kazi na kuwahudumia wakazi na watoa misaada. Mtandao huo uliwafaa kwa sababu ulikuwapo kabla ya kimbunga.

Karibu na kwetu, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu la Gulu, kaskazini mwa Uganda, ulianza mwaka 2007 kuunganisha kambi za waliokimbia vita kwa mawimbi ya Wi-Fi na kompyuta zinazotumia umeme wa jua. Kambi ziliweza kuwasiliana kwa mtandao wa ndani. Jijini Nairobi, Tunapanda NET huunganisha shule na vituo vya jamii katika mtaa wa Kibera kwa mtandao unaoendeshwa na jamii yenyewe. Mitandao hii haikuanzishwa kwa ajili ya maafa pekee. Hutumika kila siku, na kwa hiyo wahusika wake huwa wameizoea siku ya shida inapofika.

Milima yetu: msaada na kikwazo

Mawimbi ya Wi-Fi hupenda kuonana uso kwa uso. Simu mbili huwasiliana kwa makumi ya mita. Ukuta wa matofali na miti yenye majani mabichi hupunguza umbali huo. Antena zinazoelekezana, zisizo na kizuizi kati yake, huweza kufikishana kilomita kadhaa. Lakini mgongo wa mlima ukiwa katikati, mawasiliano hayapo, hata kama umbali ni mfupi.

Hivyo milima huwa kikwazo kwa aliye bondeni na msaada kwa aliye juu. Nodi moja yenye paneli ya jua na betri, ikiwekwa mahali pa juu panapoonekana na pande zote mbili, huunganisha mabonde ambayo hayaonani. Mtu aliyepanda Jiwe la Gangilonga akautazama mji wa Iringa chini yake anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Kwa kijiji cha Kilolo, Mufindi au Rungwe, swali la kwanza kuuliza ni hili: ni kilima gani kinachoonekana kutoka zahanati, shule na ofisi ya kijiji kwa pamoja? Hapo ndipo pa kuanzia.

Hali ya hewa nayo ihesabiwe. Kwa kawaida mvua za msimu katika Nyanda za Juu Kusini hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, na maafa mengi huja katika miezi hiyo hiyo. Ni miezi ya mawingu na ukungu, ambapo paneli ya jua huzalisha umeme kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kibandiko chake. Betri ichaguliwe kwa kuzingatia siku kadhaa mfululizo zisizo na jua.

Ukubwa wa faili ndio unaoamua

Katika mtandao wa kawaida hatuhesabu ukubwa wa picha. Katika meshi ni lazima tuhesabu, kwa kuwa kila nodi inayoongezeka njiani hupunguza kasi. Ruta yenye redio moja tu hulazimika kupokea kisha kupokeza kwa zamu, hivyo kasi yaweza kupungua kwa karibu nusu katika kila mruko. Linganisha:

• Ujumbe mfupi wa maandishi: chini ya kilobaiti 1.
• Orodha ya majina 200 katika maandishi ya kawaida: takriban kilobaiti 10.
• Sauti iliyorekodiwa kwa dakika moja na kubanwa vizuri: takriban kilobaiti 120.
• Picha iliyopunguzwa ukubwa: kilobaiti 100 hadi 200.
• Picha kama ilivyotoka kwenye kamera ya simu: megabaiti 3 au zaidi.
• Video ya dakika moja: makumi ya megabaiti.

Redio za LoRa hufika mbali kuliko Wi-Fi, hata kilomita kadhaa mahali palipo wazi, na hutumia umeme kidogo sana. Lakini kasi yake ni ndogo. Kwa kilobiti 1 kwa sekunde, picha ya kilobaiti 100 ingechukua zaidi ya dakika 13, nayo ingeziba njia kwa wote wanaosubiri. Kwa hiyo LoRa ni ya maneno machache: mahali, idadi, hali, mahitaji. Picha na orodha ndefu ziachiwe Wi-Fi au zibebwe kwa mkono. Video, isipokuwa pale inapookoa maisha, isitumwe kabisa.

Maandalizi ya kufanya kabla ya dharura

1. Pakua programu mapema. Intaneti ikishakatika, hutaweza kuipata. Kwa mfano, Briar, inayotumika kwenye simu za Android, hutuma ujumbe kwa Bluetooth au Wi-Fi pasipo intaneti, na huwezesha simu moja kuigawia simu nyingine programu yenyewe. Kaya au kikundi kikubaliane juu ya programu moja. Programu tofauti hazisikilizani.

2. Hifadhi mafaili muhimu ndani ya simu, si kwenye intaneti pekee. Ramani ya kata, namba za simu za viongozi, orodha ya kaya zenye wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu, na maelekezo ya huduma ya kwanza. Weka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi, na nakala ya karatasi kwenye ofisi ya mtaa au kijiji.

3. Yape mafaili majina yanayoeleweka. Andika mahali, jambo, tarehe na saa, kwa mfano: "itezi-kaya-tarehe05-saa1430". Wakati wa dharura matoleo matano ya orodha moja huzunguka. Bila tarehe na saa hakuna anayejua lipi ni la mwisho. Mtu mmoja tu apewe jukumu la kusahihisha orodha, wengine wamtumie marekebisho.

4. Andaa umeme. Pawabenki iliyojaa, paneli ndogo ya jua, na waya za kuchajia za aina zote zinazotumika mtaani. Simu zipunguzwe mwanga na programu zisizohitajika zizimwe.

5. Fanyeni zoezi. Chagueni siku moja kabla ya msimu wa mvua, zimeni data kwenye simu zote, kisha mjaribu kufikisha faili moja kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Mtagundua mahali mawimbi yasipofika, na mtaweza kupanga nani asimame wapi. Zoezi hili lifanywe kwa kushirikiana na kamati ya usimamizi wa maafa ya kijiji au kata, ambayo kuwapo kwake kunatokana na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022.

Faragha na ukweli wa taarifa

Katika meshi, faili lako hupita katika vifaa vya watu usiowajua. Hakikisha programu unayotumia husimba ujumbe kuanzia kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, ili anayepokeza asiweze kusoma. Usiamini tangazo pekee: mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha London, tawi la Royal Holloway, walionesha kasoro kubwa za usalama katika Bridgefy, programu iliyokuwa ikisifiwa kwa kazi hii hii. Sasisha programu zako kila mara ungali na intaneti.

Orodha ya majeruhi, hali ya afya ya mtu au picha ya marehemu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haisimami kwa sababu ya mafuriko. Mpe taarifa hizo mhudumu wa afya, mwokoaji au kiongozi anayezihitaji kwa kazi yake. Usizirushe kwa kila simu iliyo karibu. Familia isijue msiba wake kwa picha iliyopita mikononi mwa watu kumi.

Uvumi nao husafiri kwa meshi kama unavyosafiri kwa intaneti, tena bila mtu wa kuufuta. Kila ujumbe utaje nani ameona, wapi, na saa ngapi. Tahadhari za hali ya hewa zichukuliwe kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kusambaza taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Unaponunua vifaa

Wapo wauzaji watakaokuambia kwamba kifaa chao "hakihitaji mnara popote Tanzania". Uliza maswali haya kabla ya kutoa fedha:

• Je, kifaa hiki kinatumia masafa gani, na kimeidhinishwa kutumika nchini na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)?
• Kinafika umbali gani penye milima na miti, si mahali pa wazi pekee?
• Kinatuma mafaili au maandishi mafupi tu?
• Kinaelewana na vifaa vya kampuni nyingine?
• Betri hudumu kwa saa ngapi, na dhamana ni ya muda gani?

Dai risiti na dhamana ya maandishi. Kifaa kikiwa kibovu au kikitofautiana na maelezo ya muuzaji, anza kwa kumlalamikia muuzaji mwenyewe. Asipokusikiliza, malalamiko kuhusu bidhaa hupelekwa Tume ya Ushindani, na yale ya huduma za mawasiliano hupelekwa TCRA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano nalo lipo kwa ajili ya kuwasilisha maslahi yako.

Kurushiana mafaili kati ya simu na simu ni matumizi ya kawaida ya kifaa. Lakini kikundi kinachokusudia kusimika antena kilimani, au kuwauzia watu huduma ya intaneti, kipate kwanza maelekezo ya TCRA kuhusu masafa, vifaa na leseni. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kung'olewa mitambo wakati inapohitajika.

Mambo ambayo meshi haiwezi

Mtandao wa meshi hauchukui nafasi ya namba za dharura. Simu ikipatikana, piga 112 kwa Polisi, au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Meshi haifiki pasipo na watu wala vifaa. Nyumba iliyo peke yake bondeni, isiyo na jirani mwenye simu yenye programu, haitaunganishwa na mtandao wowote wa aina hii. Na faili linalosubiri mbebaji huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Kwa jambo la dakika, mtu wa kukimbia, filimbi, kengele ya shule na kipaza sauti cha msikiti au kanisa bado ni vyombo vya mawasiliano.

Kwa muhtasari

Turudi kwa mtendaji wa mtaa mwenye orodha ndani ya simu. Ikiwa orodha yake ni maandishi mepesi yenye tarehe na saa, ikiwa simu yake na ya mwenyekiti wa mtaa wa ng'ambo zina programu moja, na ikiwa yupo kijana anayejua asimame kilima gani, orodha hiyo itafika kwa waokoaji pasipo mnara. Ikikosekana mojawapo ya hizo tatu, itabaki mfukoni mwake. Zote tatu huandaliwa katika miezi ya kiangazi, kwa gharama ndogo, na watu wanaofahamiana. Anza na jirani yako: zimeni data leo jioni, mrushiane faili moja, mwone linafika wapi.